Shilingi ya refa iamue goli la kuanzia, isiamue nani anafuzu

Wadau wa soka, salaam. Naleta mezani suala ambalo huzuka kila mashindano makubwa kisha likapita bila kumalizwa: shilingi anayorusha mwamuzi ipewe nguvu kiasi gani? Wapo wanaosema ni kajambo ka kufungulia mechi tu, hakastahili mjadala. Wapo wanaotaka iondolewe kabisa, hasa kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi mechi ikiisha sare. Na wapo wengi wanaotetea kura, iwe ya shilingi au ya kuchomoa, hata pale timu mbili zinapolingana kila kitu na mmoja lazima arudi nyumbani.

Msimamo wangu nautaja mapema. Shilingi ni chombo cha haki inapoamua jambo dogo, mbele ya macho ya watu. Ikipewa kazi ya kuamua nani anafuzu, hapo tunawadhulumu wachezaji. Na kwenye penalti nina pendekezo ambalo najua litapingwa, nitalifikia.

Kwa Watanzania jambo hili lina historia yake. Mwaka 1969 Yanga ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana kwenye robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Sare ya 1-1, marudiano 1-1 tena. Matuta yalikuwa bado hayajaingia kwenye sheria, hivyo ikapigwa kura, Kotoko wakasonga mbele. Dakika zote zile dhidi ya moja ya timu kali kabisa za Afrika za wakati huo, bila kufungwa mechi hata moja, na safari ikaishia kwenye bahati.

Haikuwa Yanga peke yake. Mwaka uleule Morocco na Tunisia walikuwa wakiwania kwenda Kombe la Dunia la 1970. Wakatoka 0-0, wakarudiana 0-0, wakapelekwa Marseille kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao, ikaisha 2-2. Shilingi ikawapa Morocco, na mwaka uliofuata Morocco ilikuwa Mexico ikicheza Kombe la Dunia. Ulaya nako, Juni 1968 mjini Naples, nusu fainali ya kombe la mataifa ya Ulaya kati ya Italia na Umoja wa Kisovieti iliisha bila goli hata baada ya dakika 120. Nahodha wa Italia, Giacinto Facchetti, akaingia ndani na mwamuzi, ikarushwa sarafu, akatoka anashangilia. Siku chache baadaye Italia walikuwa mabingwa wa Ulaya.

Angalieni hapo: watazamaji walikuwa jukwaani, na uamuzi mkubwa kuliko yote ya siku ile ukafanyika chumbani. Hata kama kila kitu kilikwenda sawa, na mimi siamini vinginevyo, aliyelipa kiingilio hakuona.

Uchungu wa aina hiyo ndio uliotuletea matuta. Israel ilitolewa kwa kura na Bulgaria kwenye Olimpiki ya 1968, na Yosef Dagan, mtu wa soka wa nchi hiyo, akapendekeza wachezaji wapewe nafasi ya kujiamulia kwa miguu yao. Juni 1970 IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira, kikakubali. Kwa hiyo wanaosema "matuta ni bahati nasibu" wakumbuke bahati nasibu yenyewe ilikuwaje. Kwenye matuta kuna kipa aliyesoma mpigaji, kuna miguu inayotetemeka, kuna mtu aliyefanya mazoezi na asiyefanya. Kwenye shilingi hakuna chochote cha kujifunza.

Sasa mtu ataniambia hayo ni mambo ya kale. Hapana. Januari 2015, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Guinea ya Ikweta, Kundi D: Ivory Coast, Guinea, Mali na Cameroon. Mechi nne za kwanza za kundi hilo zote zilitoka 1-1. Siku ya mwisho, tarehe 28, Guinea na Mali wakakutana wao kwa wao mjini Mongomo. Kévin Constant akawafungia Guinea kwa penalti. Mali nao wakapata penalti, Seydou Keita akapiga, kipa Naby Yattara akaiokoa. Modibo Maïga akasawazisha kwa kichwa mwanzoni mwa kipindi cha pili. Ikaisha 1-1. Pointi sawa, magoli sawa, walipokutana sare. Kesho yake viongozi wakakaa hotelini Malabo, ikachezeshwa kura, Guinea wakafuzu robo fainali, Mali wakafungasha virago.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu dawa ilikuwepo palepale. Timu zile mbili zilikuwa uwanjani pamoja, mwamuzi yupo, magoli yapo, mashabiki wapo. Ulaya wana kanuni kwamba timu mbili zikilingana kila kitu na zimemaliza kundi kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, wanapiga matuta hapohapo mara tu mechi inapoisha. Dakika kumi na tano, hadithi imekwisha, na aliyetolewa anajua ametolewa na nani. Mali walitolewa na mkono wa mtu kwenye chombo cha kura, siku moja baada ya mechi. Kuna mchezaji wa miaka 35 pale ambaye AFCON nyingine ilikuwa mbali naye.

Najua hoja ya upande wa pili: haiwezekani kila mara kupiga matuta, maana timu zilizolingana zinaweza kuwa zimecheza siku moja kwenye miji miwili tofauti. Nakubali, na hapo ndipo pagumu. Kombe la Dunia 2018 FIFA walitumia kadi: Japan na Senegal walilingana kila kitu, Senegal wakatoka kwa kuwa na kadi za njano 6 dhidi ya 4 za Japan. Wengi wetu Afrika tulilalamika. Lakini mimi bado naona kadi ni afadhali, kwa sababu kadi ni kitu ulichokifanya mwenyewe uwanjani. Unaweza kumkasirikia mchezaji wako aliyecheza rafu. Kura huna wa kumkasirikia.

Turudi katikati ya uwanja, kwenye shilingi yenyewe.

Oktoba 2018 kwenye ligi kuu ya wanawake Uingereza, Manchester City na Reading wakisubiri kuanza, mwamuzi David McNamara akagundua sarafu ameiacha chumba cha kubadilishia nguo. Mechi iko kwenye televisheni, muda hakuna. Akawaambia manahodha wacheze jiwe, karatasi, mkasi. Chama cha soka cha Uingereza kikamsimamisha siku 21. Dunia nzima ilijadili, na wengi walimhurumia: kosa dogo, hakuna aliyeumia, matokeo 1-1.

Mimi nasema siku 21 zilikuwa nyingi, onyo lingetosha, ila kosa lilikuwa kosa. Sheria namba 8 inataja kurusha sarafu, na ina maana yake. Shilingi ikiwa hewani, hakuna binadamu anayeitawala: si nahodha wa nyumbani, si wa ugenini, si refa. Jiwe, karatasi na mkasi ni mchezo wa watu wawili kusomana, mjanja anashinda. Refa alipowaachia wachezaji, aliacha jambo pekee la siku ile ambalo halikupaswa kuwa na mjanja.

Wanaosema hakuna faida yoyote ya kushinda kura, karibuni mchangani. Mechi saa kumi jioni, kiwanja kimelala mashariki na magharibi. Kipindi cha kwanza jua bado liko juu kiasi. Kipindi cha pili limeshuka, na kipa aliyeko goli la mashariki linampiga machoni moja kwa moja. Krosi ikija anaweka mkono usoni. Nahodha mzoefu akishinda kura anaomba kuanza goli la mashariki, ili pande zikibadilishwa na jua likishuka liwe mgongoni mwake. Weka na mteremko, weka na dimbwi lililobaki kwenye eneo la penalti la upande mmoja baada ya mvua, utaelewa kwa nini makocha wa ndondo humwelekeza nahodha wao cha kuchagua kabla hajatoka kwenye mti walikokaa. Tangu 2019 sheria inampa mshindi wa kura kuchagua goli, yaani upande wa kuanzia, au kuanza mpira. Kati ya 1997 na hapo alikuwa anachagua goli tu. Huku kwetu wengi bado wanachagua goli, na wana sababu.

Kwa hiyo namna ya kurusha ina uzito. Sheria haisemi sarafu iwe ya aina gani wala nani ataje upande. Wengine wanatumia kisahani cha rangi mbili, wengine shilingi ya kawaida mfukoni. Ukitumia mia tano ya Tanzania, mwonyeshe kila nahodha: huku Karume, huku nyati. Ukiwa Kenya ni muhimu zaidi, kwa sababu sarafu mpya za 2018 hazina kichwa cha rais tena. Ya shilingi kumi ina simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Nahodha akisema "kichwa" bila kuelewana kwanza, ugomvi umeshaanza. Pia nahodha ataje upande shilingi ikiwa tayari hewani. Watafiti walirusha sarafu mara 350,757 na kutoa matokeo yao 2023: sarafu iliangukia upande uleule ulioanza juu kwa asilimia 50.8. Ni tofauti ndogo sana, lakini inaondoka bure kabisa ikiwa nahodha hakuona upande uliokuwa juu kabla haijarushwa. Kwa nini tuiache?

Sasa pendekezo langu la penalti. Zamani mwamuzi mwenyewe alichagua goli la kupigia. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa: shilingi inarushwa mara mbili, ya kwanza kuamua goli, ya pili aliyeshinda anachagua kupiga kwanza au wa pili. Maana yake timu moja inaweza kuondoka na vyote viwili: mashabiki wake nyuma ya goli, na penalti ya kwanza.

Je, vina faida kweli? Utafiti wa Apesteguia na Palacios-Huerta wa 2010 ulisema anayeanza hushinda karibu asilimia 60. Miaka miwili baadaye watafiti wengine wakachukua matuta ya mechi 540, wakapata kama asilimia 53 tu, wakasema hiyo haitoshi kuthibitisha chochote. Mifano ya uwanjani nayo inakataa kukaa upande mmoja. Bayern 2012, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kwao Munich, walianza kupiga mbele ya mashabiki wao, Chelsea wakachukua kombe. Fainali ya Kombe la Dunia 2022 Ufaransa walianza, goli likawa la upande wa mashabiki wa Argentina, Argentina wakashinda 4-2. Kwa hiyo sisemi shilingi inatoa ubingwa. Nasema wachezaji wenyewe wanaamini ina uzito, na wakati wa matuta anachokiamini mpigaji kinatembea naye kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta.

IFAB walijaribu mpangilio wa kubadilishana zamu, timu A, kisha B, B, kisha A, A. Arsenal na Chelsea waliutumia kwenye Ngao ya Jamii 2017. Novemba 2018 wakauacha, wakisema ni mgumu kueleweka. Sawa. Basi tufanye rahisi zaidi: shilingi irushwe mara moja tu. Aliyeshinda achague kimoja, goli au zamu. Aliyeshindwa apewe kilichobaki. Hakuna hesabu mpya, hakuna mtazamaji atakayechanganyikiwa.

Najua pa kunibana. Simba wakiwa Casablanca 2023 dhidi ya Wydad, au Yanga wakiwa Pretoria 2024 dhidi ya Mamelodi Sundowns, timu zetu zote mbili zikatolewa kwa matuta ugenini. Kwenye viwanja kama hivyo magoli yote mawili ni ya wenyeji, kuchagua goli hakukusaidii kitu. Ni kweli. Mwenyeji akishinda kura pale atachukua zamu na kukuachia goli lisilo na thamani. Lakini hata hivyo huna ulichopoteza kuliko sasa, na mechi ikiwa uwanja huru au fainali ya Simba na Yanga pale kwa Mkapa, mashabiki wamegawana pande, utaona tofauti. Simba nao waliwatoa Zamalek kwa matuta palepale Cairo 2003, hivyo ugenini si kaburi. Ninachotaka ni masharti yaliyo sawa kwa wote wawili.

Sheria ya penalti iko mikononi mwa IFAB, hilo hatuwezi kulibadilisha sisi. Lakini kanuni za mashindano tunazitunga wenyewe, kuanzia ndondo za mitaani hadi ligi za mikoa. Kamati nyingi bado zimeandika "kura" mstari wa mwisho wa vigezo vya kufuzu, kwa sababu wamenakili kutoka kwa wenzao. Futeni mstari huo. Wekeni matuta pale inapowezekana, kadi pale isipowezekana, na timu zikibaki sawa hata hapo, zichezeshwe mechi moja ya nyongeza kesho yake asubuhi.

Anayetetea kura anijibu hili moja: pale Mongomo, timu zikiwa bado uwanjani na taa zinawaka, ni sababu gani iliyokuwa nzuri kuliko kuweka mpira kwenye nukta? Na waamuzi mlioko humu, semeni mnavyofanya: nani anataja upande, mgeni au mwenyeji, na shilingi mnaidaka au mnaiacha ianguke kwenye nyasi?