Wamemng'oa mwanangu gego la kudumu, wakamwambia bibi yake "litaota jingine". Mbeya tunafanywa nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwanangu ana miaka 8. Nilikuwa Tunduma kikazi, bibi yake akampeleka kwenye kliniki moja ya meno hapa Mbeya mjini kwa sababu mtoto alikuwa akilalamika jino linamvuta akinywa maji ya baridi. Amerudi nyumbani jino halipo. Bibi aliambiwa mambo mawili tu. La kwanza: "Umeme umekatika, kuziba leo haiwezekani." La pili: "Usiwe na wasiwasi mama, huyu bado mtoto, litaota jingine."

HALIOTI JINGINE!

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego yote ya utoto, na halisubiri jino lolote ling'oke ndipo litokeze. Linakuja kimyakimya, ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Mzazi kutojua hilo si kosa. Lakini mtu aliyekaa darasani akafundishwa meno, akapewa cheti na kushika koleo, huyo hana pa kujificha.

Bibi aliliomba jino akaja nalo limeviringishwa kwenye pamba. Nimeliangalia juani, nikaligeuza kila upande. Kichwa chake kizima, vilima vitano vyote vipo. Kwenye mfereji wa katikati kuna kitundu cheusi ambacho hata kichwa cha njiti ya kiberiti hakiingii. Chini kuna mizizi miwili minene, na ncha zake ziko wazi kwa sababu jino lilikuwa halijamaliza kukua. Mizizi ya gego hili hufunga mtoto akiwa na miaka 9 au 10. La utoto lingekuwa na mizizi myembamba iliyotanuka, pengine imeshaanza kuliwa. Tofauti hiyo anaiona hata asiye daktari.

Kadi imeandikwa "jino bovu, limeng'olewa". Jino lipi? Meno yana namba. Hilo la mwanangu, chini kulia, ni 46, na la utoto lililo mbele yake ni 85. Aliyeling'oa angejisumbua kuandika namba kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, ingemlazimu ajue anang'oa nini. Eksirei hakupiga. Hakumuuliza mtoto maumivu yanakaa muda gani, na hilo ndilo swali lenyewe: jino linalouma kwa baridi kisha likatulia mara baridi inapoondoka, mara nyingi kiini chake, ile sehemu hai ya ndani, bado kinapona likizibwa. Linalokuamsha usiku ni habari nyingine. Mwanangu alikuwa analala fofofo.

Sasa nirudi kwenye huo umeme, maana hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndiko ilikoanzia njia ya kuziba meno bila umeme, ile inayojulikana kwa kifupi ART. Tabibu anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, anasafisha na kukausha kwa pamba, anajaza simenti ya glasi ayonoma na kuikandamiza kwa kidole. Hakuna mashine ya kutoboa, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hii kwa dunia nzima. Mwaka 2021 simenti hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kwa meno ya kudumu yenye tundu la upande mmoja, kama hili la mwanangu, zaidi ya robo tatu ya viziba hivyo bado vimeshika baada ya miaka 3. Jambo limezaliwa nchini kwetu, halafu mtoto wa Uyole anang'olewa jino kwa sababu umeme umekatika! Na Mbeya hii hii ina chuo cha matabibu wa meno.

Najua watakuja wa kusema kliniki hazina vifaa, na kwamba wagonjwa wetu huchelewa mpaka jino haliokoleki. Kweli, kung'oa ndiyo kazi kubwa kwenye kliniki nyingi za serikali, na watafiti wetu wameshaliandika hilo. Lakini hii ni kliniki binafsi, na huyu hakuchelewa.

Wengine watasema gego la pili la kudumu likija kwenye miaka 12 litasogea lizibe pengo. Daktari hupanga hivyo kwa jino lililooza kabisa, baada ya kupiga picha na kuona meno ya nyuma yamefikia wapi, na hata hapo la taya ya chini hupenda kuja limeinama. Hapa nani alipanga? Nani aliangalia?

(Na asije mtu kunishauri eti ningedai azibwe kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2022 kuacha kuitumia kwa watoto chini ya miaka 15, isipokuwa tabibu akiona ni lazima kwa mgonjwa husika.)

Nilikwenda pale kliniki. Sikupiga kelele, nilitaka maelezo. Nikajibiwa: "Bibi aliridhia." Aliridhia nini? Aliridhia jino la utoto litolewe kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Mama mzima wa miaka 67 unampa habari ya uongo, anaitikia kwa heshima ya koti lako jeupe, kisha unamgeuzia kibao kwamba yeye ndiye aliyeamua! Tangu siku hiyo bibi hali chakula vizuri, anajilaumu, na hilo nalo nalihesabu kwenye deni lao.

Naandaa malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliyewahi kuyapeleka huko, naomba anieleze barua iambatanishwe na nini, na kama jino lenyewe linapokelewa kama kielelezo au picha zake zinatosha. Wa Iringa, Makambako, Tukuyu na Kyela, kama mtoto wako naye aling'olewa gego la nyuma akiwa na miaka 6 mpaka 10 ukaambiwa litaota, andika hapa chini ulielezwa nini na kadi yako imeandikwa nini. Jina la kliniki usiweke, mods wasije wakafuta uzi.