Binti kaumia goti, kaacha mbio, sasa hata kuongea hataki. Nianzie wapi hapa Tabora?

MamaD_Ipuli: Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka 16, alikuwa anakimbia na wenzake pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, tangu aumie goti ni kulala tu, ugali anaudonyoadonyoa, raba kazisukumia uvunguni, nikimuuliza anasema niko poa. Bibi yake anasema karogwa. Naumia jamani.

Kijana_wa_Unyanyembe: Pole sana mama. Nenda naye hospitali ya Kitete uulizie watu wa afya ya akili, na usitishwe na hilo jina maana tiba yenyewe ni maongezi, mara nyingi mara moja kwa wiki, na mshauri atataka kukaa na binti peke yake, muachie tu usimpeleleze akitoka.

KochaMstaafu: Mbio ndo zilikuwa zinamtuliza na marafiki wako hukohuko, kwahiyo kapoteza vyote kwa mpigo. Kocha wake amwite akashike saa wenzie wakikimbia.

Nesi_TBR: Akigusia habari za kufa usisubiri, mpeleke sikuhiyohiyo. Na 116 ni simu ya bure ya watoto, mpe namba apige mwenyewe.

MamaD_Ipuli: Asanteni, jumatatu tunaenda.