Friji inapiga shoti ukiigusa, fundi anasema ni kawaida, naombeni ushauri

mpangaji_wa_juu:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa wenye uelewa wa mambo ya umeme maana roho haijatulia kabisa. Friji yetu ukiigusa kwenye mkono wa mlango au pale ubavuni penye chuma unasikia kitu kinakutekenya vidoleni, ukiwa umevaa ndala husikii chochote ila ukiwa pekupeku na sakafu imetoka kudekiwa hapo unarushwa kweli, na mtoto wangu mdogo ameshaigusa akalia sana.

Nikamwita fundi, akachukua tesita ya bisibisi akagusa bodi ya friji, yaani umbo lake la chuma, kale kataa ka ndani ya tesita kakawaka. Akasema hiyo ni kawaida ya friji, niweke tu mpira chini pale mtu anaposimama. Nilipombana akasema kama nataka iishe kabisa atarudi afungue soketi aunge kawaya kafupi kutoka kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenda kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) na shoti itaisha hapohapo.

Maswali yangu, hii kweli ni kawaida? Hako kawaya ni salama? Na kama umeme unavuja mbona breka haishuki hata mara moja?

nuru_ndogo:
Kabla ya yote izime hiyo friji sasa hivi. Zima swichi ya ukutani kwanza halafu chomoa plagi ukiwa umevaa viatu vikavu, usiegemee bodi. Mengine tutaongea friji ikiwa imechomolewa.

kebo_na_bomba:
Nafanya wayaringi kwa kazi kwahiyo nitaandika kwa urefu kidogo mnivumilie.

Sio kawaida. Bodi ya friji ya chuma haitakiwi kukupiga, iwe umevaa ndala au hujavaa. Ukisikia shoti maana yake kuna vitu viwili vimeharibika kwa pamoja. Cha kwanza, kuna umeme unafika kwenye bodi, labda waya umechubuka ukagusa chuma au insulesheni (kinachozuia umeme usivuje) ndani ya kompresa imechoka au unyevu umeingia mahali. Cha pili na ndio kikubwa, ethi haifanyi kazi, kwasababu ethi ingekuwa nzima huo umeme ungepita kwenye waya wa kijani wenye mstari wa njano ukaishia ardhini na wewe usingesikia kitu. Sasa hivi ethi ya hiyo friji ni wewe mwenyewe na mwanao.

Kuhusu breka kutoshuka, hapa watu wengi sana wanachanganya. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, hailindi mtu. Breka ya ampia 20 inasubiri ampia zaidi ya 20 zipite. Mwili wa binadamu unaanza kusikia kwenye miliampia 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya ampia, ikifika 10 na kuendelea misuli inakaza mtu anashindwa kuachia alichoshika, na kuanzia 30 ikipita kifuani pumzi na moyo vinakuwa hatarini. Kwahiyo mtu anaweza kufa ameshika friji na breka imekaa kimya kabisa, yenyewe haijaona tatizo lolote.

Tena hata ukiwa na ethi rodi peke yake, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini, bado haitoshi. Chukua rodi yenye rizistansi (ukinzani wa umeme) ya omu 20 kwenye umeme wa volti 230, gawanya, unapata ampia 11.5 tu. Breka ya 20 haitashuka na bodi itabaki na umeme. Ndio maana nyumba inayotegemea rodi lazima iwe na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha kutesti, ya miliampia 30. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto (unaoleta umeme) na unaorudi kwenye nyutro, ikiona kuna unaopotelea njiani inakata kabla moyo haujapata madhara.

Hako kawaya ka nyutro na ethi, USIKUBALI. Nitaeleza sababu nikipata nafasi, niko saiti.

dogo_soketi:
Mkuu mi naona mnamtisha bure. Kwangu fundi aliunganisha hivyohivyo nyutro na ethi kwenye soketi ya mashine ya kufulia, shoti ikaisha siku ileile na mpaka leo mashine inapiga kazi. Nyutro si inaenda ardhini kule transfoma? Sasa tofauti iko wapi.

kebo_na_bomba:
Dogo nakuheshimu ila hapa naomba unisikilize vizuri maana ni uhai. Kinachofanya usisikie shoti ni kwamba nyutro yako bado ni nzima. Siku ikikatika au skrubu yake ikilegea popote kati ya hiyo soketi na meinsiwichi, kitu kinachotokea sana tu, umeme utaingia kwenye mota kupitia waya wa moto kama kawaida, utafika kwenye nyutro utakuta njia imekatika, utapita kwenye hako kawaya uende kwenye ethi na ethi imefungwa kwenye bodi. Mashine itakuwa imezima, utadhani umeme umekatika, utaenda kuigusa uangalie kuna nini, na bodi nzima itakuwa na volti 230.

Na kuna lingine. Kama siku moja mtu akibadilisha hiyo soketi au akigusa nyaya huko nyuma akageuza moto na nyutro, ambapo taa na mashine vitafanya kazi bila kuonyesha dalili yoyote, basi hako kawaya kanaunga moto moja kwa moja kwenye bodi. Na kama waya wa ethi unazunguka soketi zote basi kila chombo cha chuma humo ndani kinapata moto kwa pamoja.

chini_ya_transfoma:
Naongezea kwa kebo. Ni kweli kuna mifumo ambayo nyutro na ethi zinaunganishwa, ila zinaunganishwa sehemu moja tu pale umeme unapoingilia, kwa waya mnene na kwa utaratibu wa shirika linalosambaza umeme. Baada ya hapo hazitakiwi kukutana tena popote ndani ya nyumba. Dogo kaifungue hiyo soketi yako leo.

Mleta mada, mtafute fundi mwenye maltimita, kile kifaa kinachosoma volti kwa namba, tesita ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii. Inawaka hata kwa umeme mdogo sana na haikwambii ni kiasi gani. Akipima kwenye soketi, moto na nyutro isome karibu na 230, moto na ethi isome karibu hivyohivyo, nyutro na ethi isome volti chache sana au sifuri. Akikuta moto na ethi inasoma vitu vya ajabu, mara 90 mara 120, namba haitulii, ujue ethi inaelea haijafika popote. Na friji aipime kwa mega akiwa ameichomoa, kile kifaa cha kupima insulesheni, ile inayosukuma volti 500, kati ya pini za umeme na bodi isome zaidi ya megaomu 1, chini ya hapo kuna mahali insulesheni imeharibika.

mamaKijani:
Samahani naingilia, na sisi ambao heta ya maji ya kuoga inatekenya ukigusa bomba ni tatizo hilohilo?

kebo_na_bomba:
Hilohilo na ni baya zaidi dada, bafuni umelowa mwili mzima na ngozi ikilowa inapitisha umeme kirahisi mno. Zima breka ya hiyo heta, isitumike na mtu yeyote mpaka ipimwe. Elementi zikipasuka maji yenyewe yanabeba umeme.

mpangaji_wa_juu:
Wakuu nawashukuru sana nimerudi na majibu. Nimepata fundi mwingine, huyu alianzia kwenye meinsiwichi wala hakuanza na friji. Akakuta waya unaokwenda kwenye ethi rodi upo ila klampu yake huko nje imeliwa na kutu imeachia kabisa, na waya za ethi za soketi za vyumbani zilikuwa zinaning'inia ndani ya boksi hazijafungwa popote! Kaweka klampu mpya, kazifunga zote kwenye baa ya ethi (kipande cha chuma cha kukusanyia waya za ethi), kaweka na RCD ya miliampia 30. Friji ilipimwa kwa mega ikafeli, akafungua nyuma akakuta waya unaoingia kompresa umesuguliwa na mtikisiko mpaka shaba inaonekana. Kabadilisha, kapima tena, sasa iko vizuri na haipigi.

Ila limezuka jipya. Nikichomeka pasi chumbani RCD inashuka palepale, jikoni pasi ileile inafanya kazi bila shida. Chaja ya simu chumbani haishushi. Mwenye nyumba anasema RCD ni mbovu nimwambie fundi aitoe.

kebo_na_bomba:
Isitolewe! Pasi ni nzima maana jikoni inafanya kazi. Mimi nahisi huko chumbani kuna mtu aliwahi kuweka kawaya kalekale ka nyutro na ethi. Zamani haikuonekana kwasababu ethi za chumbani zilikuwa hazijafungwa. Sasa zimefungwa, ukiwasha pasi sehemu ya umeme inarudi kwa njia ya ethi badala ya nyutro, RCD inaona pungufu inakata. Chaja inavuta kidogo mno, kinachopotea hakifiki kiwango cha kuishusha.

Fundi azime mein, achomoe vyombo vyote vya saketi hiyo, atoe nyutro yake kwenye baa, halafu apime kama nyutro na ethi zinapitishiana. Hazitakiwi kabisa. Zikipitishiana afungue soketi moja moja.

mpangaji_wa_juu:
Kebo Mungu akubariki. Kalikuwa nyuma ya kitanda, soketi ya pili, kawaya kekundu kafupi. Kametolewa na pasi sasa inawaka bila RCD kushuka. Swali la mwisho, hicho kitufe cha T nibonyeze mara ngapi na nikibonyeza isiposhuka?

chini_ya_transfoma:
Kila baada ya miezi mitatu hivi, watengenezaji wengine wanaandika kila mwezi kwahiyo soma kilichoandikwa juu yake. Nyumba nzima itazima, unairudisha juu. Isiposhuka na umeme upo, huna ulinzi, ibadilishwe siku hiyohiyo. Ila kitufe kinapima RCD yenyewe tu, hakikwambii chochote kuhusu ethi rodi, hiyo apime fundi, na ikiwezekana apime kipindi ambacho ardhi imekauka maana ndipo rizistansi inakuwa kubwa.

dogo_soketi:
Nimefungua ya kwangu nimekatoa. Mashine imeanza kutekenya tena kwahiyo nimeichomoa, kesho fundi anakuja na mega.