York: michezo 48, vituo 12, siku moja. Iliwezekanaje?

Pazia: Wakuu, naomba msaada kuhusu michezo ya Biblia, Uumbaji hadi Kiyama, iliyoigizwa York, Uingereza, kwenye Sikukuu ya Ekaristi. Kila mchezo ulikuwa na gari lake la kusukumwa, jukwaa lenye magurudumu, lililosimama kituo baada ya kituo mitaani. Tangazo la mji la 1415 linataka kila mwigizaji awe tayari garini saa kumi na nusu alfajiri. Michezo inakaribia 48, vituo hadi 12, na kila mchezo unarudiwa kila kituo. Hesabu inanigomea. Kwa nini hawakubaki tu kanisani?

Kinubi: Kanisani hapakutosha. Mwongozo wa watawa wa Winchester, karibu mwaka 970, unaeleza igizo la Pasaka: mtawa mwenye kanzu nyeupe, kama malaika, amekaa kaburini, tawi la mtende mkononi, wenzake watatu, kama wale wanawake wa Injili, wanakuja na vyetezo, wakitembea kama watu waliopoteza kitu. Anawaimbia, "Mnamtafuta nani?" Mwishoni wanainua sanda tupu. Kilatini kitupu, dakika chache. Uumbaji hadi Kiyama utaupenyeza wapi hapo? Halafu igizo hilo halikuhamia mitaani kama wengi wanavyodhani. Liliendelea kanisani huku ya mitaani yakikua kivyake.

Foleni: Kosa lako ni kuzidisha 48 kwa 12. Gari la kwanza likiondoka kituo cha 1, la pili linaingia. Kwa hiyo ni zamu 48 jumlisha 11, yaani 59. Weka dakika 20 kwa zamu, kusukuma gari kukiwemo: unamaliza saa sita usiku na dakika kumi. Tena si lazima yote 48 yaigizwe kila mwaka.
Balaa ni kwamba urefu wa michezo haulingani, na mtaani gari halilipiti lenzake. Mmoja akizubaa, wote wa nyuma wamekwama. Kila mchezo ulikuwa wa chama cha mafundi au wafanyabiashara, na mwaka 1554 watengeneza mikanda waliandamwa na mji kwa kuchelewa zaidi ya saa nzima.

Pazia: Nimeelewa, zamu 59! Na gari lenyewe lilibeba nini?

Kinubi: La wafanyabiashara wa vitambaa, wenye zamu ya Kiyama, tuna orodha yake ya 1433: magurudumu manne, mdomo wa Jehanamu, mavazi ya mashetani watatu lakini nyuso sita, maana kila kinyago kilikuwa na mbili. Mungu alipandishwa mbinguni kwenye kiti cha chuma chenye kamba nne. Ninachokipenda zaidi ni sanamu ndogo tisa za malaika, nyekundu, zilizokimbizwa huku na huko mbinguni kwa kuvuta uzi mmoja mrefu.

Foleni: Asiyetaka foleni alijenga jukwaa lisilohama. Valenciennes, mji ulioko Ufaransa ya leo, walifanya hivyo 1547. Igizo likachukua siku 25.