Naombeni ushauri: mzee ana uvimbe kwenye pafu, abaki Bugando, aende Ocean Road au India?

NyotaYaZiwa
Wakuu habari za saa hizi, nisaidieni mawazo maana hapa nyumbani tumeshagawanyika. Mzee wangu ana miaka 64, yuko Geita, zamani alikuwa mchimbaji mdogo na sigara kavuta tangu ujana mpaka juzi juzi tu. Alianza kukohoa mwaka jana, zahanati wakampa dawa za kikohozi, baadae sehemu nyingine wakamuanzishia dozi ya TB japo makohozi hayakuonyesha kitu, kameza miezi minne huku anazidi kukonda na sasa anatema damu. Ndo tukampeleka Bugando, Mwanza, akapigwa CT, uvimbe pafu la kulia na maji kidogo, wametoa kinyama cha kupima maabara wiki iliyopita majibu bado.

Kaka mkubwa yuko Dar anataka mzee aletwe Ocean Road, ile hospitali ya kansa, haraka, baba mdogo anasema tuuze kiwanja cha Nyankumbu na ng'ombe aende India, mama hataki atoke kabisa. Mimi ndo nalala nae hapa kila mtu ananipigia simu mimi. Bima ya NHIF anayo kupitia kwa kaka. Aliyepitia hili aniambie, hospitali gani?

Kipepeo_Mweusi
Pole sana dada, Mungu amsimamie mzee.

MtuWaWodini
Pole dada. Nafanya kazi wodini ila sio daktari. Mnagombania hospitali ya kutibu kitu ambacho bado hamjajua jina lake, subirini kinyama kwanza. Kansa ya pafu ina makundi mawili makubwa, ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo. Ya seli ndogo inakimbia sana, mara nyingi haipasuliwi, ni kemo (dawa za kuua kansa) na mionzi, hiyo ukikaa wiki kadhaa unahangaikia pasipoti na viza umeshaumia. Hiyo nyingine ikikamatwa mapema inapasulika, hapo ndo unatafuta wapasuaji wa kifua, Muhimbili wapo. Ikiwa imesambaa kuna vipimo vya vinasaba vinafanyika kwenye kinyama hichohicho, wanaita EGFR na ALK, akikutwa na hitilafu kwenye hivyo vinasaba anaweza kumeza vidonge badala ya kuanza na dripu za kemo, kwa hiyo uliza kinyama kilichobaki kinatosha? Yale maji nayo yapimwe, yakikutwa na seli za kansa hiyo ni steji ya nne, habari za kupasua zinaisha hapo. Na bado inawezekana isiwe kansa, TB huwa inadanganya sana kwenye picha.

Mbagala_Kuu
Nilimuuguza baba mkubwa Ocean Road. Mashine za kisasa wanazo na watu wanaijua kazi, sina neno. Ila mzee atalala wapi? Mionzi ya kutibu ni Jumatatu mpaka Ijumaa, kama wiki sita hivi, kwenye mashine ni dakika chache tu halafu mnarudi, sisi tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri mgonjwa anatapika kwenye bajaji. Kaka yako anakaa wapi hapa Dar? Kama ni Kibamba huko hiyo foleni ya Morogoro Road tu itammaliza. Bugando mionzi ipo na kemo ipo, na daraja la Kigongo-Busisi limeshafunguliwa hamsubiri tena pantoni. Mkihama popote bebeni rufaa ya maandishi, CD ya CT yenyewe sio ile karatasi ya majibu tu, na bloku ya kinyama (kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta) muiombe maabara. Sisi bloku tuliisahau mkoani, ikabidi mtu apande basi kuifuata.

MgangaOriginal_01
Kuna mzizi unamaliza kansa zote ndani ya siku 21, njoo inboksi

Mbagala_Kuu
Moda toeni huyu mtu, wenzenu tuna wagonjwa.

Shemeji_Wa_Taifa
India nimeenda na shemeji yangu, mapafu hayohayo, jina la hospitali silitaji. Dalali alitupokea vizuri, kufika wakarudia vipimo vyote, mwisho wa siku wakampa kemo ileile aliyoandikiwa Dar, hela ikakata mzunguko wa pili tukarudi kumalizia nyumbani na deni juu. Sisemi India mbaya, Tata Memorial ya Mumbai ni ya serikali yao, haiko kibiashara kama zile kubwa za binafsi. Ila mtu aende kufuata kitu ambacho hapa hakipo, na daktari akitaje kwa jina. Tumeni ripoti kwa barua pepe kwanza muone wanasemaje kabla ng'ombe hawajauzwa.

NyotaYaZiwa
Asanteni sana wakuu, nayaandika yote kwenye daftari. Kuna kitu sikusema, mzee hajaambiwa ni nini. Mama kakataza.

Mama_Jeni
Mdogo wangu, mtu mzima anatema damu, unadhani hajui? Baba yetu tulimficha miezi mitatu, akaja kusoma mwenyewe kwenye kibao cha mlango wa kliniki. Hakugomba, aliacha tu kuongea na sisi, na mambo ya shamba akaondoka hajayasema mpaka leo tunaburuzana baraza la ardhi. Mwambieni. Halafu muulizeni daktari morfini ya maji mapema, watu wanaiogopa wakidhani ni ya kufia, kumbe inapunguza maumivu na kule kuhema kwa shida mtu akalala usiku. Na bima ikigoma kitu chochote nenda ustawi wa jamii hapohapo hospitali, usione aibu.

NyotaYaZiwa
Mrejesho wakuu. Majibu yametoka, isiyo ya seli ndogo, na maji yamekutwa na seli. Nimeingia na daftari kwa daktari, kacheka kaniuliza nasomea wapi. Kinyama kinatosha, kinatumwa kupimwa EGFR, majibu yakichelewa ataanza kemo hapahapa Bugando. Mzee tulimwambia jana jioni, mama alitoka nje. Kakaa kimya muda, halafu kasema kiwanja kisiuzwe na Dar haendi, kaka anakuja Ijumaa kuja kugomba. Usiku kaomba sigara moja. Mama kampa.