Tusioona rangi kama wenzetu, tupeane uzoefu

Fundi Nyaya: Wakuu, jana binti yangu kanishika mkono mlangoni: "Baba, shati jekundu msibani?" Mimi najua nimevaa la kahawia. Nikakumbuka nikiwa kibarua Tanga, nyumba ya zamani, nyekundu ni waya wa moto, kijani ni wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Bosi kasema funga kijani kwenye bodi ya chuma ya jiko la umeme. Nikafunga nyekundu. Aliyekuja kuligusa ni bosi mwenyewe, akarushwa hadi mlangoni! Hakufa, ila kazi iliisha jioni ile ile. Ndipo nikaenda kupimwa kwa kile kitabu cha vidoadoa vya rangi vinavyoficha namba. Wenzangu wanasoma 74, mimi naona 21.

Mama Shufaa: Pole. Wangu anachora mti wenye majani ya kahawia, mwalimu kamchapa.

Kinyozi: Mpe karoti.

Fundi Nyaya: Karoti nimekula gunia. Hii ni ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume anaitoa kwa mama, kwenye kromosomu X.

Mama Shufaa: Haya, baba yake asisome hapa.

Dereva Mstaafu: Nyie afadhali. Shemeji yangu alianguka na bodaboda, kisogo kikapiga ukingo wa lami. Kuzinduka anauliza nani kapaka wodi nzima majivu. Macho kapimwa, mazima, gazeti anasoma. Mchicha akausukuma, eti umeoza. Dada yangu kavaa kanga mpya, jamaa anamwambia "umejifunga moshi". Dada alilia siku hiyo kuliko siku ya ajali. Daktari akasema jicho linapeleka habari tu, rangi inapikwa nyuma huko, upande wa chini wa ubongo, na hapo ndipo palipoumia.

Mbishi: Chai hiyo. Macho mazima, rangi zimekwenda wapi?

Kinyozi: Wewe 2015 si ulisema lile gauni la kwenye picha iliyozua ubishi mtandaoni ni jeupe na dhahabu? Macho yako yalikuwa mabovu? Ubongo ulidhani liko kivulini, ukaondoa ubluu. Gauni lilikuwa bluu na jeusi.

Mbishi: Lilikuwa jeupe. Nililiona mwenyewe.

Boda wa Usiku: Mimi taa za barabarani naangalia ya juu au ya chini, basi.

Mama Shufaa: Yesu! Unapita njia gani? Dereva, shemeji alipona?

Dereva Mstaafu: Rangi hazijarudi. Nyanya aliacha kuuza, wateja walikuwa wanamchanganyia mbichi na mbivu wakati wa kurudisha. Sasa anauza mkaa.