Meli ya mafuta imeuzwa, mnunuzi kajificha: nianzie wapi?

Mdadisi: Wakuu, heshima kwenu. Naandika habari ya uchunguzi kuhusu meli ya mafuta ghafi inayokaribia miaka 20. Kwa umri huo kampuni kubwa za mafuta huwa hazitaki hata kuikodi, ila tangu ukomo wa bei ya mafuta ya Urusi, uliowekwa na nchi za Magharibi, uanze Desemba 2022, vikongwe vinagombewa na wanaobeba mafuta hayo nje ya ukomo huo. Hii iliuzwa, ikabadilishwa jina na bendera fasta. Mmiliki kwenye rejista ni kampuni ya Visiwa vya Marshall isiyo na tovuti wala meli nyingine. Nani yuko nyuma yake, na fedha zilipita wapi? Dalali niliyempigia kakata simu.

Pwaguzi: Kukata simu nako ni jibu. Liandike.

KambaNanga: Mkuu, achana na jina, hilo ni rangi tu ubavuni. Shika namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli kimataifa, tarakimu saba, haibadiliki mpaka meli ikatwe. Ihakiki kwanza: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe. Mfano 9074729: jumla ni 139, inaishia na 9, sawa na tarakimu ya saba. Hesabu ikikubali bado usilale, kuna wanaovaa namba za meli zilizokwishakatwa. Kisha ingia Equasis, tovuti ya kumbukumbu za meli, ni bure. Usiishie kwa mmiliki. Soma nani meneja, yaani kampuni inayoiendesha meli, na kwa anwani ya nani barua zinapokelewa. Kampuni ya mfukoni haina hata karani, ila mabaharia lazima kuna anayewaajiri.

WakiliBahari: Kwenye malipo mnamkimbiza mnunuzi, ambaye kajificha makusudi. Anza na muuzaji. Mikataba mingi hufuata Norwegian Saleform, fomu ya kawaida ya kuuziana meli: amana, mara nyingi asilimia 10, inakaa kwa mtu wa tatu, salio linaachiliwa siku ya kukabidhiana meli. Kama meli ilikuwa na mkopo, benki haiachii rehani bila kulipwa, na kufutwa kwa rehani huandikwa kwenye rejista ya bendera ya zamani. Omba nakala, lipia. Hiyo tarehe itakuonyesha takriban lini fedha zilifika. Muuzaji akiwa soko la hisa la New York au Oslo, pekua ripoti zake. Akiwa wa Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2023 anatakiwa kuarifu mamlaka akiuza meli ya mafuta nje ya umoja.

Mdadisi: Yuko soko la hisa. Bei ipo, mnunuzi kaitwa "mtu wa tatu" tu.

WakiliBahari: Bei ichukue. Halafu muulize kwa maandishi: amana ilitumwa na kampuni ileile iliyosaini? Mikataba mingi huruhusu mnunuzi ateue kampuni nyingine ipokee meli, kwa hiyo majina mawili si kosa. Ila fedha zikitoka kwa wa tatu asiyeonekana popote kwenye karatasi, hapo chimba.

KambaNanga: Na siku ukikuta rejista haijaguswa, usiseme meli haijauzwa. Wengine huuza hisa za kampuni, meli inabaki na mmiliki yuleyule kwenye karatasi. Hapo angalia meneja kabadilika lini.